Shaba Inayobaki: Kuchapa Bodi ya Saketi Kariakoo

Fungua chaja ya simu iliyokufa. Ndani utakuta kibao kidogo. Upande mmoja kimebeba vipande vya kila umbo, na upande wa pili kina njia za shaba zinazopinda na kukutana kwenye vidoto vya risasi. Watu wengi wakiulizwa njia hizo ziliwekwaje, hujibu kwamba zilichorwa: huko China ipo mashine inayomwaga shaba iliyoyeyuka, mstari baada ya mstari, juu ya plastiki. Jibu hilo linaelekea kuwa sawa mpaka ukumbuke kwamba shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi. Kibao kingekuwa majivu kabla ya mstari wa kwanza kwisha. Ukweli ni kwamba kibao chote kilifunikwa shaba tangu mwanzo, ukingo hadi ukingo, na kazi yote iliyofuata ilikuwa kuondoa ile isiyotakiwa.

Aliyewahi kutazama mafundi wa batiki, Dar es Salaam au Unguja, ameshaiona kanuni hii. Nta ya moto hupigwa muhuri juu ya kitambaa, kitambaa kikazamishwa kwenye rangi, na pale penye nta rangi haipiti. Kwenye bodi, kitambaa ni ule ubao wa shaba, rangi ni dawa inayokula shaba, na nta ni kinga yoyote ambayo dawa haiwezi kuipenya. Kwa hiyo anayetaka kutengeneza bodi nyumbani ana maswali mawili tu makubwa: dawa gani, na kinga gani. Majibu ya yote mawili yanauzwa Kariakoo, Dar es Salaam, ingawa wauzaji wake hawajuani. Mmoja anauza vifaa vya saluni, mwingine anachapa fulana, na wa tatu amekaa sokoni na gunia la magadi.

Tuanze na ubao wenyewe. Ule wa kahawia, kama uliomo ndani ya redio kuukuu, ni karatasi iliyoloweshwa gundi ya fenoli ikashindiliwa kwa joto. Ule wa kijani-manjano, FR-4, ni kitambaa cha nyuzi za kioo kilichoshikwa na gundi ya epoksi. Unene wa kawaida ni milimita 1.6. Juu yake limegandishwa jani la shaba la mikromita 35, yaani milimita 0.035. Mengi yanayofuata yanatokana na namba hiyo ndogo, kwa hiyo tukae nayo kidogo.

Ukinzani wa waya hutegemea mambo matatu: urefu wake, eneo la mkato wake na aina ya metali. Kwenye bodi, unene umeshaamuliwa kiwandani na aina ya metali pia, vimebaki urefu na upana tu. Sasa kata mraba wa shaba hiyo, milimita 1 kwa milimita 1, upitishe mkondo kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ukinzani wake ni takriban miliohmu 0.48. Kata mraba mwingine wa sentimita 1 kwa sentimita 1. Umerefusha njia mara kumi, lakini umeipanua pia mara kumi, na kimoja kinafuta kingine: ukinzani unabaki miliohmu 0.48. Mraba wowote, uwe mdogo uwe mkubwa, una ukinzani uleule.

Hiki ni kifaa cha fikra kinachomwondolea mtu hesabu nyingi. Njia ya upana wa milimita 1 na urefu wa sentimita 10 ni miraba 100 iliyopangwa mstari mmoja, kwa hiyo ni miliohmu 48. Ukipitisha ampea 1, unapoteza milivolti 48 na joto la miliwati 48. Si kitu. Hata mkondo wa takriban ampea 2.4 huipandisha njia hiyo nyuzi kama 10 tu juu ya joto la hewa inayoizunguka. Kwa kazi nyingi za nyumbani, kama vile taa za LED, vipima joto na vikuza sauti vidogo, shaba ya mikromita 35 inatosha na kubaki. Tatizo la bodi za nyumbani ni nadra kuwa shaba haipitishi umeme wa kutosha. Mara nyingi ni kwamba njia ilikatika mahali fulani, au njia mbili zilizopaswa kutengana zimegusana.

Shaba hiyo imesafiri kuliko wengi wetu. Mabamba ya shaba kutoka Zambia na Katanga hupita bandari ya Dar es Salaam, kwa malori na kwa reli ya TAZARA, yakaenda kugeuzwa bidhaa Asia, kisha yakarudi bandari ileile ndani ya kontena la chaja.

Sasa dawa. Kwa nini siki haili shaba? Ukiitumbukiza sarafu ya shaba iliyofifia kwenye siki yenye chumvi, inatoka inang'aa. Mtu anaweza kudhani siki imekula shaba kidogo. Kilichoondoka ni ule utando wa oksidi juu yake tu, metali yenyewe karibu haikuguswa. Atomu ya shaba haiwezi kuondoka kwenye metali na kuingia kwenye maji bila kwanza kuacha elektroni mbili. Hapo ndipo swali linapolala: nani atazipokea?

Wanakemia wamewapanga wapokeaji wa elektroni kwenye ngazi ya volti. Ioni za haidrojeni, zile zinazoifanya asidi iwe asidi, zimekaa kwenye 0. Shaba imekaa kwenye 0.34. Anayetaka kuipokonya shaba elektroni lazima akae juu yake, na haidrojeni iko chini. Ndiyo maana siki, na hata asidi ya haidrokloriki ikiwa peke yake, haiwezi kazi hii. Chuma kilichopoteza elektroni tatu kimekaa kwenye 0.77. Huyo anaweza. Chumvi yake inaitwa feri kloraidi, na ndiyo dawa ya jadi ya wanaotengeneza bodi duniani kote: unga wa njano-kahawia ambao ukiingia majini hutoa rangi ya chai kali na doa lisilotoka kwenye nguo. Kila atomu moja ya shaba huhitaji ioni mbili za chuma, kila ioni inapokea elektroni moja na kushuka daraja. Dawa haichemki wala haitoi povu. Shaba inatoweka kimyakimya.

Kiasi gani kinatosha? Bodi ya sentimita 10 kwa 10 ina shaba ya ujazo wa sentimita za ujazo 0.35, sawa na gramu 3.1 hivi. Kuila yote kunahitaji gramu 16 za feri kloraidi kavu isiyo na maji ndani yake, au gramu 27 hivi za ile yenye fuwele za maji. Kwa kuwa unabakiza sehemu ya shaba, mahitaji ni pungufu ya hapo. Nasema haya kwa sababu kuna tabia ya kumwaga nusu chupa kwa bodi ya ukubwa wa kadi ya benki, kisha mabaki yakamwagwa mtaroni. Hesabu ya dakika moja ingeokoa dawa na mtaro.

Kasi ni jambo jingine. Dawa iliyogusana na shaba huchoka mara moja, na ili kazi iendelee lazima iliyochoka iondoke na mpya ifike. Dawa iliyobeba shaba ni nzito kuliko ile mpya. Kwa hiyo ukilaza bodi chini ya bakuli uso ukitazama juu, dawa nzito inatuama juu yake na kazi inazorota. Ielekeze uso chini, ikielea au ikishikiliwa na vijiti, na dawa iliyochoka itazama yenyewe, mpya ichukue nafasi yake. Hakikisha tu hakuna viputo vya hewa vilivyonaswa chini, maana palipo na kiputo shaba itabaki. Pasha dawa kwa kuweka bakuli lake ndani ya beseni la maji ya moto, ifike nyuzi 40 au 50, ukiitikisa polepole. Kazi ya karibu saa nzima kwenye dawa baridi iliyotulia inaweza kushuka hadi dakika 10 au 15.

Bakuli liwe la plastiki au kioo. Usithubutu kutumia sufuria ya alumini. Alumini iko chini sana kwenye ngazi ile, kwenye −1.66, na mbele ya dawa hii hugawa elektroni kwa fujo: joto linapanda, gesi ya haidrojeni inatoka, na sufuria inatoboka ukiitazama.

Asiyepata feri kloraidi anaweza kupanda juu zaidi kwenye ngazi. Haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kusafishia vidonda inayouzwa famasi kwa nguvu ya asilimia 3, imekaa kwenye 1.78. Maduka ya vifaa vya saluni nayo yanayo, kwa ajili ya kubadilisha rangi ya nywele, ikiwa na maandishi ya volyumu 20. Maana yake ni kwamba lita moja ikiharibika yote hutoa lita 20 za oksijeni, na hiyo ni nguvu ya asilimia 6 hivi. Tafuta ya maji. Ile ya krimu haifai. Peroksaidi ina uwezo wa kupokea elektroni, lakini inahitaji asidi ili ifanye hivyo, na hapo siki nyeupe inapata kazi. Chumvi ya mezani inaongezwa kwa sababu ioni za kloraidi huzikumbatia ioni za shaba zikabaki zimeyeyuka, badala ya kuganda upya juu ya bodi kama utando. Siki na peroksaidi ya asilimia 3 kwa vipimo sawa, kijiko cha chumvi, na baada ya dakika chache utaona viputo vidogo na maji yakigeuka kijani.

Kwa gramu zetu 3.1 za shaba, kinadharia mililita 56 za peroksaidi ya famasi zinatosha. Kwa vitendo utahitaji zaidi, kwa kuwa ioni za shaba zenyewe huiharakisha peroksaidi kuvunjika bure na kutoa oksijeni hewani. Kwa sababu hiyohiyo mchanganyiko haufungwi kwenye chupa: gesi itaipasua. Changanya kiasi cha kutumia siku hiyo tu, mahali penye upepo, maana mvuke wake unawasha macho na koo. Usiuchanganye na jiki kwa hali yoyote, kwani jiki ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini. Na maji ya betri ya gari yaache kwenye betri. Ni asidi kali ya salfa, na kuiunganisha na peroksaidi kunazaa kimiminika kinachounguza nyama ya mtu kwa ukali ambao hakuna bodi inayostahili.

Hiyo ndiyo kemia, na si sehemu ngumu. Ugumu wa bodi ya nyumbani uko kwenye kinga. Hapa ndipo naamini tumekuwa tukiitazama kazi hii kwa jicho la fundi umeme peke yake, wakati nusu yake ya kwanza ni kazi ya mchapaji. Historia inaniunga mkono. Paul Eisler, Mwaustria aliyezaliwa Vienna mwaka 1907, alikuwa mhandisi aliyewahi kufanya kazi za magazeti na uchapaji kabla ya kuhamia London. Huko, mwaka 1936, alitengeneza redio ambayo nyaya zake zilikuwa jani la metali lililochapwa na kuliwa na dawa, kama mchapaji anavyoandaa bamba la picha. Kampuni aliyoipelekea wazo hilo ililikataa, kwa hoja kwamba wasichana waliokuwa wakiunganisha nyaya kwa mkono walikuwa rahisi zaidi. Ilichukua vita kubadili mawazo: Wamarekani walitumia saketi za kuchapwa ndani ya fyuzi za makombora ya kutungulia ndege, na mwaka 1948 wakaruhusu mbinu hiyo itumike kibiashara.

Mchapaji wa Kariakoo, basi, ana nini cha kutupa? Kwanza, tona. Unga mweusi wa printa ya leza au mashine ya fotokopi haufanani na wino wa kawaida. Ni plastiki iliyosagwa ikachanganywa na rangi, huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi na hushika sawasawa joto likipita 150. Plastiki hiyo haidhuriki na feri kloraidi wala siki. Ukiichapa michoro yako kwenye karatasi ya kung'aa ya jarida, ukailaza kifudifudi juu ya shaba na kuikandamiza kwa joto, tona inayeyuka mara ya pili na kushika shaba. Karatasi ya jarida inapendwa kwa sababu mng'ao wake ni tabaka la udongo mweupe laini, ambalo likiloweshwa majini linaachia. Michoro ichapwe ikiwa imegeuzwa kama kwenye kioo, la sivyo miguu yote ya vipande itaangukia upande usio wake. Pale stesheneri mwambie mhudumu, "Dada, naomba iwe nyeusi kabisa, toa ile ya kubana wino," kwa sababu tona nyembamba ina vitundu visivyoonekana kwa macho, na dawa haihitaji zaidi ya kitundu.

Wengi hutumia pasi ya nguo, na wengi hulalamika kwamba katikati imeshika na pembeni imeachia. Sababu ni shaba yenyewe. Metali hii husafirisha joto haraka mno: unapobonyeza katikati, joto linakimbilia kandokando na kupotea hewani. Dawa ya tatizo hilo iko kwenye maduka ya kuchapa fulana. Mashine yao ya kubana ina bamba pana linalofunika bodi yote kwa mara moja, joto linalopangwa kwa namba, na mkandamizo ulio sawa kila mahali. Mtu aliyekuja kulipia picha moja ya fulana anaweza kulipia dakika mbili za kubana bodi. Weka nyuzi 180, tanguliza bodi ipate moto, kisha ndipo ulaze karatasi.

Kabla ya hapo, usafi. Sugua shaba kwa stilwaya laini na sabuni, suuza, halafu itazame chini ya maji. Maji yakijikusanya kama matone, bado kuna mafuta ya vidole, kwani mafuta hufanya maji yajipende yenyewe kuliko kuipenda metali. Yakitandaa kama shuka bila kukatika, umemaliza. Usiiguse tena usoni. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na naona kinaokoa bodi nyingi kuliko printa yoyote ya bei kubwa.

Mtu wa stika naye ana lake. Mashine inayokata vinili za kubandika kwenye daladala na bajaji inaweza kukata njia za saketi zenye upana wa milimita 1 au zaidi. Unabandika, unang'oa zisizohitajika kwa kibano, unazamisha. Haihitaji joto wala kugeuza mchoro. Kwa vikuza sauti na bodi za kugawa umeme, ambazo njia zake ni pana, ningeanza na hii kabla ya tona. Na mwenye skrini ya hariri, anayechapa fulana za kampeni au kadi za harusi kwa mamia, ndiye wa kumwendea ukihitaji bodi hamsini zinazofanana: rangi ya mafuta ikipitishwa kwenye skrini moja kwa moja juu ya shaba ni kinga nzuri, na viwanda vya bodi vilitumia njia hiyo kwa miaka mingi. Kwa bodi moja ya haraka, rangi ya kucha na mkono uliotulia vinatosha.

Njia ninayoipenda kuliko zote inatumia jua. Kuna utando mwembamba wa buluu, unaouzwa kwa roli, ambao hugandishwa juu ya shaba kwa joto. Mwanga wa urujuanimno ukiugusa, molekuli zake huungana na kuwa ngumu. Ambapo mwanga haukufika, unabaki laini na unayeyuka kwenye maji yenye alkali kidogo. Unachapa mchoro kwenye plastiki angavu, safari hii njia zikiwa wazi na kila kitu kingine kikiwa cheusi, unauweka juu ya bodi, unaangaza.

Taa za urujuanimno zipo, lakini fikiria kivuli. Ukali wa ukingo wa kivuli hutegemea jinsi chanzo cha mwanga kinavyoonekana kwa upana kutoka pale ulipo. Jua, pamoja na ukubwa wake, liko mbali kiasi kwamba linachukua nusu digrii tu ya anga. Mwanga wake ukipita kwenye plastiki ya unene wa milimita 0.1, ukingo wa kivuli unafifia kwa mikromita 1 hivi. Taa ya mrija yenye kipenyo cha milimita 26 iliyowekwa sentimita 5 juu ya bodi inafifisha ukingo huohuo kwa mikromita 50, zaidi ya unene wa shaba yenyewe. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 6.8 kusini mwa Ikweta, na mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini kabisa. Juu ya paa la ghorofa lolote la Kariakoo una taa bora kuliko inayouzwa dukani. Kazi yako ni kuipima: funika bodi ya majaribio kwa kadibodi, isogeze kidogo kila baada ya sekunde 10, kisha angalia ni kipande kipi kimeshika vizuri. Ndani ya chumba, fanya kazi kwa taa ya njano, kwani utando huu hauoni njano.

Maji yenye alkali yanayohitajika ni kabonati ya sodiamu ya asilimia 1, gramu 10 kwa lita. Hapa ndipo anapoingia yule wa sokoni. Magadi yanayolainisha maharage, yakiwemo yatokayo Ziwa Natron, ni madini ambamo kabonati na bikabonati za sodiamu zimeshikamana pamoja na maji. Yakichomwa kwenye kikaango cha chuma hadi yaache kutoa mvuke, bikabonati hupoteza maji na kaboni dayoksaidi na kugeuka kabonati. Kule Ziwa Magadi, Kenya, kiwanda cha kampuni iliyoanzishwa mwaka 1911 huyachoma magadi kwa kanuni hiyohiyo, kwa tani badala ya vijiko. Chuja kwa kitambaa kuondoa tope, na kwa kuwa magadi ya sokoni hutofautiana, anza na maji mepesi uongeze taratibu. Vaa glavu.

Kila njia kati ya hizi ina kikomo chake, na kikomo cha pamoja kinatoka kwenye dawa. Dawa haijui chini na pembeni. Inapochimba mikromita 35 kwenda chini, inaingia pia karibu kiasi hicho chini ya ukingo wa kinga, kila upande. Njia ya milimita 1 ikipoteza milimita 0.07 haitaona tofauti. Njia ya milimita 0.2 ikipoteza kiasi hichohicho inabaki na 0.13 kwa juu, na ukiisahau bodi ndani ya dawa, inazidi kuliwa mpaka haibaki kabisa. Toa bodi mara tu shaba ya mwisho inapotoweka. Kwa tona ningejiwekea upana na nafasi za milimita 0.5, na 0.2 ningeiachia jua.

Majaribio mengine yanavutia kwenye karatasi. Kuna wanaotaka kula shaba kwa betri na maji ya chumvi: unganisha bodi na ncha chanya, na shaba inaondoka bila dawa yoyote. Inaondoka kweli, mpaka vipande visivyotakiwa vinapokatika kutoka kwenye ncha ile. Kipande kilichobaki kama kisiwa hakina tena njia ya kutolea elektroni zake, na kinakaa hapo milele. Wengine husaga kaboni ya betri kuukuu, wakaichanganya na gundi na kuchora njia kwa brashi. Rudi kwenye miraba. Rangi ya kaboni huwa na ohmu makumi kwa kila mraba, mahali ambapo shaba ina miliohmu 0.48. Miraba yetu 100 inakuwa maelfu ya ohmu. Inafaa kuwafundishia watoto ukinzani. Mashine ndogo za kuchonga nazo huondoa shaba bila dawa, ila vumbi la nyuzi za kioo si la kulivuta kwenye chumba unacholala.

Ukishamaliza, toa tona kwa thina, toboa matundu ya milimita 0.8 kwa keekee ndogo, pitisha mita kati ya kila njia na jirani yake. Mafundi simu wa Kariakoo, ambao tayari wanalehemu vipande vidogo kuliko punje ya mchele kwa bloa na kupiga jampa pale njia ilipokatika, wanaweza kuruka hatua ya kutoboa kwa kuchora bodi za vipande vinavyokaa juu ya uso. Bodi ya pande mbili nayo inawezekana, ukipitisha waya kwenye tundu na kulehemu juu na chini. Ile ya tabaka nne agiza China, wala usijione umeshindwa. Hata za upande mmoja, ukihitaji mia na unaweza kusubiri meli au ndege, kiwanda kitakushinda bei. Faida ya nyumbani ni kwamba mwanafunzi wa Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam (DIT) anaweza kuchora saa tatu asubuhi na kujua kosa la mchoro wake kabla ya magharibi.

Kwenye jiji hili la pwani, bodi isiyooshwa sawasawa hufa haraka. Mabaki ya kloraidi hunyonya unyevu wa hewa na kuendelea kuila shaba polepole, na ule ukungu wa kijani unaouona baada ya miezi ndio ushahidi. Osha kwa maji yenye magadi kidogo, suuza, kausha juani, kisha paka utomvu mkavu wa msonobari ulioyeyushwa kwenye spiriti. Utalinda shaba, na ukitaka kulehemu, risasi itashika juu yake bila kuukwangua. Umeme wa TANESCO wa volti 230 usiupitishe kwenye bodi yako ya kwanza. Unyoya wa shaba usioonekana kati ya njia mbili hauna madhara kwenye volti 5, lakini kwenye 230 unaweza kuwasha moto. Siku utakapoupitisha, acha angalau milimita 8 kati ya upande wa umeme mkubwa na ule mdogo.

Imebaki dawa iliyochoka, ya kijani au ya kahawia, na mitaro ya huku humwaga Mto Msimbazi, na Msimbazi baharini. Shaba kwa kiasi kidogo tu huua samaki na viumbe wadogo wa majini. Tumbukiza stilwaya ya chuma cha kawaida, ile inayoota kutu, kwa sababu ile ya chuma kisichoshika kutu haitafanya kitu. Chuma cha kawaida kiko chini ya shaba kwenye ngazi yetu, kwa hiyo chenyewe kinayeyuka na shaba inarudi kuwa metali, unga mwekundu unaotua chini. Iache usiku kucha. Kisha ongeza magadi kidogokidogo, maana yanatoa povu, mpaka povu likome na tope lituame. Chuja. Maji yaliyobaki hayana tena shaba ya kuhofia. Tope lianikwe likauke, lifungwe kwenye kopo lenye mfuniko, likae mbali na watoto mpaka likusanyike la kutosha kumpelekea anayepokea taka za elektroniki.